Mikaratusi ya Mzee Gervas

Wajukuu zangu mliokuja hapa Cheyo Jumapili mkiwa na fulana za kijani, shikamoo zenu nilizipokea. Mlitaka bibi miti mstaafu aseme maneno mawili matatu kuhusu kurudisha uoto wa milimani, nanyi mkamrekodi kwa simu. Nilipoanza tu kusema, mmoja wenu akaniomba nisogee kidogo kwa sababu jua lilikuwa linaharibu picha. Nikasogea. Nilipoanza tena, mkasema inatosha, mmeshapata kipande kizuri. Hongereni, kaeni nacho hicho kipande. Yaliyobaki nayaandika mwenyewe, nikiwa nimekaa ninapotaka, jua liniharibu linavyopenda.

Najua mnachojiuliza. Tabora hii ilivyo bapa kama sinia, bibi huyu milima aliijulia wapi? Swali zuri, na mngebaki dakika kumi mngejibiwa. Nilikuwa kwenye kitalu cha miche hapa mjini, najaza udongo kwenye viriba vya nailoni, sijambo na sina shida na mtu. Kumbe kutokuwa na shida ni kosa. Nikahamishiwa upande wa Kigoma, kwenye mradi wa kurudisha uoto wa vilele vinavyolisha maji mashamba ya kahawa. Nikapanda treni. Ile reli, kama shuleni hamkuambiwa, inafuata karibu njia ileile ya misafara waliyopita babu zetu Wanyamwezi na mizigo vichwani mpaka ziwani. Wao walikwenda kwa miguu wakiimba. Mimi nilikwenda nimekaa, nikalalamika njia nzima.

Kijiji chenyewe siwatajii, maana wenyewe wapo hai na wanajua kusoma. Nilifika asubuhi yenye ukungu nimevaa kandambili. Kwetu kandambili zinakupeleka popote. Kule zilinipeleka chini, kwa makalio, kutoka kwenye kilima hadi kwenye kahawa ya mtu. Mwenye kahawa alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia iliyopauka, akanitazama nilivyolala katikati ya mibuni yake, akasema, "Mwangaluka, mpagazi. Mzigo umeuacha wapi?"

Kusalimiwa kwa Kinyamwezi nikiwa chali, na kuitwa mpagazi juu yake. Nikajua hapa nimefika kwa watani.

Nyie utani mnaoujua ni wa timu mbili za mpira. Utani ninaousema mimi ni mwingine. Babu zetu walipita nchi ya Waha wakanunua chumvi, wakalala kwao, wakaugua kwao, wengine wakazikwa kwao, na kutokana na hayo ukazaliwa udugu wa kutukanana bila kukasirikiana. Mtani anakuvua kofia, anakula chakula chako bila kukaribishwa, anakuambia mbele ya watu neno ambalo mwanao wa kumzaa hawezi kukuambia. Na hushtaki popote. Basi nikainuka, nikajipangusa, nikamjibu yule mzee kwamba mzigo ulikuwa chumvi ya kwao, nimeitupa njiani baada ya kugundua nusu yake ni mchanga. Akacheka mpaka akashika mbuni asianguke. Huyo ndiye Mzee Gervas, na tangu siku hiyo hatukuwahi kusalimiana kistaarabu.

Sasa kazi. Mlima ule una tabaka tatu, na nawaombeni mlishike hili kabla ya fulana nyingine kuchapishwa. Chini kuna mashamba ya kahawa na migomba. Katikati kuna makorongo yenye msitu mnene, mikuyu na mitalawanda. Juu kabisa hakuna miti. Kuna majani marefu na kinamasi kinachomeza mguu mpaka gotini. Kinamasi kile ni dodoki. Mvua ikinyesha kinafyonza, kiangazi kinaachia kidogokidogo, maji yanashuka korongoni, yanatokea kwenye chemchemi, yanafika kwenye kahawa.

Wageni wetu wa mradi walipofika juu na kuona hakuna miti, walisikitika sana. Wakasema, maskini, mlima umekatwa miti yote. Ukiwaambia hapa haikuwahi kuota miti tangu Mungu aumbe ulimwengu, wanakuitikia kwa kichwa kama unavyomwitikia mgonjwa wa homa. Wakaagiza miche. Tukapanda miti kwenye dodoki. Mingi ilikufa kwa kuoza mizizi, na niliisindikiza bila chozi. Wa kuogopwa ni ule uliopona, maana ulianza kunywa.

Ndiyo maana nikawaambia vijana wangu wa kitaluni kwamba jambo la kwanza kujifunza katika upandaji ni pa kutopanda. Ukikuta majani mazima, yaache. Zuia moto na ng'ombe, rudi nyumbani ukapike. Hakuna kazi ngumu kama hiyo, kwa sababu haipigwi picha. Nani atakuja kuzindua sehemu ambayo hatujafanya kitu?

Siku za uzinduzi nazo tulikuwa nazo. Palikuwa na shimo moja kando ya barabara, mahali gari linapofika bila kuchafuka. Kila msimu alikuja mgeni rasmi, akapewa mche na kopo la maji, akapanda, akapigiwa makofi. Msimu uliofuata alikuja mwingine, tukafukua shimo lilelile. Siku moja tulipofukua tukakuta mche wa mwaka uliotangulia bado umevaa kiriba chake cha nailoni, mizizi imejikunja humo ndani kama tambi. Mgeni alikuwa hajavua. Mgeni rasmi havui kiriba, hiyo ni kazi ya sisi wengine, na sisi wengine tulikuwa tunapiga makofi. Tafadhalini, wajukuu, vueni viriba.

Aliyenifundisha kuusoma mlima ule ni Mzee Gervas. Aliniambia nisitafute maji kwa macho, nitafute kwa miguu: asubuhi panda pekupeku, mahali ubaridi unapobadilika ghafla simama. Aliniambia mkuyu hauhitaji mbegu wala kitalu chako cha kifahari, kata tawi nene kama mkono, lichomeke ukingoni mvua za kwanza, uliache. Alinionyesha udongo wa kuanzishia miche ya asili, mweusi, unaokwanguliwa chini ya mti mama, maana mche ukipewa udongo wa mahali pengine unadumaa. Nilizidisha maswali mpaka siku moja akasema kwamba mpagazi wa kike huyu angepewa mizigo kwa idadi ya maswali, msafara mzima ungepumzika. Alikuwa mwalimu wangu, nasema wazi, na nilimpenda.

Na huyohuyo, wajukuu zangu, ndiye aliyezungushia chemchemi ya kijiji mikaratusi.

Haikuwa jeuri wala ujinga wake. Miaka ya nyuma kabla sijafika walikuja wataalamu wengine, na kila mtaalamu huja na mti wake. Wa hao ulikuwa mkaratusi. Unaota upesi, umenyooka, unaonekana kutoka barabarani. Wakampa miche, wakamwambia apande pale penye unyevu ili ipone haraka. Akapanda, akamwagilia, ikapona mno. Wakarudi wakamsimamisha mbele ya kijiji kizima, wakamtangaza kuwa mtunza mazingira bora, wakamvika kofia. Ile kofia iliyopauka ndiyo hiyo. Aliivaa shambani, kanisani na kwenye harusi. Katekista alimwomba aivue wakati wa sala akajibu kwamba Mungu anaijua.

Mkaratusi ukiuweka jangwani ni kivuli. Ukiuweka kwenye jicho la chemchemi ni mlevi uliyempa funguo za kilabu. Mwaka hadi mwaka kijito kikapungua. Na aliyeumia wa kwanza alikuwa Skolastika, mke wa Filbert, mtoto mkubwa wa mzee, ambaye shamba lake la kahawa lilikuwa la kwanza chini ya chemchemi. Kahawa haivunwi tu ikauzwa. Unaimenya ngozi, unailoweka, unaiosha mpaka utelezi utoke, ndipo unaianika. Bila maji ya kutosha unaianika na ngozi yake, na mnunuzi akiiona anakunja uso kana kwamba umemtukania mama. Skolastika alianza kubeba maji ya kuoshea kutoka bonde la pili, ndoo kichwani, kilima kwa kilima. Siku moja nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduka, panga liko mapajani, anaiangalia mibuni yake aliyoipanda akiwa bibi harusi. Akaniambia, "Bibi miti, kiangazi kingine kama hiki nitaing'oa. Nipande mihogo. Mihogo haidai kuoshwa."

Kwa nini hakumwambia mkwewe? Nyie mnauliza kama watu waliolelewa na televisheni. Mkamwana anamwambiaje baba mkwe kwamba miti yako inaniua? Anampitia mbali hata njiani. Filbert naye hakuweza kumwambia baba yake kwamba kofia ya heshima ilikuwa kofia ya maafa. Mwenyekiti wa kijiji alibatizwa na mzee akiwa msimamizi wake. Katekista alikuwa ameibariki mikaratusi ile, mmoja mmoja, kwa maji ya chemchemi hiyohiyo, enzi hizo yapo ya kutosha kubariki. Kila mtu alijua. Tulikaa vikao vya wadau kuhusu kupungua kwa maji, tukachora milima kwenye karatasi kubwa, tukabandika vikaratasi vya rangi, tukala wali, na hakuna aliyetamka neno mkaratusi kwa sababu mzee amekaa mstari wa mbele na kofia yake. Mkisikia watu wanasema vijijini elimu ya mazingira haipo, kataeni. Ipo, inameza mate tu.

Mimi nilijaribu. Nilikwenda kwake kiofisi, nimevaa sare, nikamweleza taratibu. Alinisikiliza vizuri sana, akanipa kiti na mtori, akasema mtaalamu amesema. Wiki iliyofuata nikakuta amepanda mingine. Nikajaribu kwa utani. Nikamwambia mikaratusi yako imekunywa mto, imebaki kukunywa wewe. Akajibu kwamba Mnyamwezi akiona mti mrefu anawaza mti wa kubebea mzigo. Watu wakacheka, nami nikacheka, na hapo ndipo nilipoona udhaifu wa utani wa watu wazima walio hai: neno lolote unalomrushia anakurushia, mnabaki sare.

Karibu na kustaafu kwangu nilikwenda kumuaga. Alikuwa amekonda zaidi. Tulikaa mahali panapoonekana ile mikaratusi pale juu, inayumba kwa maringo. Kisha akasema, "Mpagazi, siku nikifa usikose. Na uje na shoka."

Nikamuuliza nije nikalipasue jeneza?

"Njoo nalo tu. Mtani haendi msibani mikono mitupu."

Nikadhani ni mzaha wa mzee. Nikarudi hapa Cheyo, nikaanza kazi yangu mpya ya kugombana na kuku.

Simu ya Filbert ilinikuta nachambua mchele. Akasema mzee ametutoka. Akasema aliacha neno kwamba asizikwe kabla mtani wake wa Tabora hajafika, na kwamba mtani asisahau alichoagizwa. Nililia, kisha nikaenda mtaa wa Kanyenye nikanunua shoka. Mwenye duka, Mhindi tunayefahamiana tangu ujana, aliniuliza bibi mzima kama mimi nakwenda kupasua kuni za nani. Nikamwambia nakwenda mazishini. Akalifunga kwa gazeti bila kuuliza tena, na nadhani mpaka leo ananiogopa.

Kule nikakuta msiba umejaa. Tukafika kaburini, shimo limechimbwa kwenye mteremko wa shamba lake, na ukiinua macho unaiona mikaratusi. Mwenyekiti akatoa hotuba. Akasema marehemu alikuwa mfano, na kwamba kijiji kimeamua ile mikaratusi ya chemchemi isiguswe na yeyote, ibaki kumbukumbu yake milele. Watu wakaitikia. Nikamtafuta Skolastika kwa macho nikamwona ameinamisha kichwa, kanga imemziba mdomo, na mimi nilijua hamlilii mkwewe peke yake.

Hapo ndipo shoka lilipopata uzito mkononi mwangu. Nikaelewa. Yule mzee alijua kama tulivyojua sote. Alishindwa kuivua ile kofia mbele ya watu waliomvika, basi akatafuta mtu wa kumvua akiwa hasikii aibu tena. Mtani hai anajibiwa maneno kwa maneno. Lakini mtani msibani hudai, na anachodai marehemu hawezi kukataa, wala wenye msiba hawathubutu, maana maiti haipiti mpaka mtani aridhike. Sote tulikuwa tunaijua desturi hiyo. Ni yeye tu aliyeona kwamba inafaa kwa mti.

Nikateremka kaburini. Msifikirie niliruka kama mwanasarakasi, nilishuka kwa makalio, kama nilivyoingia kijijini kwao mara ya kwanza. Nikakaa pale chini na shoka langu. Kelele zikaanza juu, watani wameanza, watani wameanza, watu wakicheka na machozi yao. Wakanitupia sarafu. Nikazirusha juu. Wakanitupia kanga. Nikaikalia, maana udongo ulikuwa wa baridi.

"Unataka nini, mpagazi?" Filbert akauliza, kwa sauti ya baba yake kabisa.

Nikamwambia, "Namtaka mzee wenu alale penye maji. Hapa mlipochimba ni pakavu, vumbi tupu, chumvi yenu ile ile ya mchanga. Mikaratusi ya chemchemi ni yangu, nimeidai. Nikipewa natoka. Nikinyimwa, nileteeni mto, tutalala wawili."

Mwenyekiti akakohoa. Katekista akaanza kugeuza kurasa za kitabu chake kana kwamba jibu limo humo. Filbert alikuwa anaangalia juu mlimani. Sijui ningekaa mle muda gani. Aliyesema ni Skolastika. Aliondoa kanga mdomoni, akasema mbele ya ukoo wote wa mumewe, "Mpeni."

Neno moja. Miaka yote ile alikuwa analibeba pamoja na ndoo.

Filbert akainamisha kichwa. "Umepewa," akasema.

Kutoka nako kulikuwa kazi. Vijana wanne walinivuta, na sauti moja nyuma ikasema leo mpagazi amekuwa mzigo. Nilicheka huku nalia, nikapitiliza kulia. Tukamzika Mzee Gervas na kofia yake kifuani. Jioni yake nilipanda mlimani nikaupiga mkaratusi wa kwanza pigo la kwanza, pigo la kizee lililouchubua tu, vijana wakamalizia.

Msidhani basi maji yakabubujika na nyimbo zikaimbwa. Mkaratusi uliokatwa haufi, unachipua kwa hasira. Skolastika alipanda na panga kila alipopata nafasi, akakata machipukizi, akachuna magome ya visiki mpaka kwenye udongo. Tukachomeka matawi ya mkuyu kama mzee alivyonifundisha. Ng'ombe wakazuiwa kule kwenye kinamasi, moto ukazuiwa, miti yetu ya kijinga ya kwenye dodoki ikang'olewa, na zaidi ya hapo hatukufanya kitu, ile kazi ngumu niliyowaambia. Msimu mmoja mkavu, hakuna. Wa pili, hakuna, na Skolastika akaanza kuulizia vipando vya mihogo. Kisha akanipigia simu kunieleza kwamba pale penye jicho la chemchemi pana tope, na kwenye tope ameona kaa. Kaa mdogo tu. Wajukuu, mimi nilimshangilia kaa yule mpaka majirani wakachungulia.

Nilipokwenda tena kulikuwa na mavuno. Skolastika alikuwa anaosha kahawa kwenye kijito chake, mikono imezama mpaka viwiko, anaimba wimbo wa Kiha nisiouelewa. Mihogo sikuiona popote. Alinichotea maji kwenye bakuli la udongo. Nikamwambia nitayanywa baadaye, nina mtu wa kumpelekea kwanza.

Basi mtakaponirudia na fulana zenu, nitawauliza mambo mawili. Mahali mnapotaka kupanda mmefika kwa miguu? Na mwenye mahali hapo ni mtani wa nani? Mkiwa na majibu, nitasogea juani mnavyotaka.

Nilikwenda na lile bakuli mpaka kaburini. Majani yalikuwa yameota vizuri juu yake. Nikayamimina maji yote taratibu, nikamwambia, "Haya, mzee, kunywa. Leo hatukudai chumvi."

Nikasimama pale nikimsubiri anijibu.